Usinunue picha ya boksi: namna ya kuchagua modeli ya kuunganisha ukiwa mtu mzima

Kwenye kifuniko cha boksi ndege inapasua mawingu, bunduki zinawaka mbawani, na nyuma yake adui anaporomoka huku akifuka moshi. Ukilifungua hilo boksi unakuta fremu nne au tano za plastiki ya kijivu, karatasi ya stika na kijitabu cha maelekezo. Mchoraji wa kifuniko alilipwa ili wewe utoe pesa, na kazi yake anaijua. Lakini hatakuwepo Jumanne usiku, baada ya foleni ya kutoka kazini, utakapokuwa unajaribu kubandika gurudumu dogo kama punje ya dengu bila gundi kuchuruzika hadi kwenye kioo cha rubani.

Mtoto akipewa modeli asiyoiweza huivunja, akalia, na kesho yake amesahau. Mtu mzima haivunji. Huirudisha kwenye boksi, boksi likapanda juu ya kabati, na huko likakaa miaka likimsuta kila anapoingia chumbani. Wengi wa aina hiyo mikono yao haina kasoro yoyote. Walichagua vibaya siku ya kwanza. Kwa hiyo katika makala hii kipimo ni kimoja tu: modeli nzuri kwa anayeanza ni ile atakayoimaliza.

Pima rafu kabla ya kupima mfuko

Namba kama 1/72, 1/48 au 1/35 iliyoandikwa kwenye boksi ndiyo skeli. Ukiona 1/72, ujue modeli ni ndogo mara 72 kuliko kitu chenyewe. Hesabu yake utaipiga kwa simu: chukua urefu halisi kwa sentimita, gawanya kwa namba ya skeli. Ndege ya Spitfire ya Uingereza ilikuwa na mita 11.23 kutoka ncha ya bawa hadi ncha ya bawa. Kwa skeli ya 1/72 unapata sentimita 15.6. Kwa 1/48 ni 23.4, kwa 1/32 ni 35.1, na kwa 1/24 inakaribia 47. Hiyo ya mwisho haitaki rafu, inataka meza yake peke yake.

Watu hudhani kutoka 1/72 kwenda 1/48 ni hatua ndogo. Urefu unaongezeka mara moja na nusu, ni kweli, ila upana nao unaongezeka vilevile, kwa hiyo nafasi inayoliwa ni zaidi ya mara mbili. Rangi inayotumika nayo hivyo hivyo. Kwa meli ndipo mambo hukua zaidi. Titanic ilikuwa na urefu wa mita 269: kwa 1/700 ni sentimita 38, kwa 1/350 ni 77, na Trumpeter ya China inauza moja ya 1/200 yenye sentimita 134 na ushei. Kabla ya kuagiza kitu cha namna hiyo pima chumba, na kama una mwenza, zungumza naye kabla boksi halijafika mlangoni.

Skeli zenyewe zina historia za kuchekesha. 1/72 ni hesabu ya inchi na futi: inchi 1 ya modeli kwa futi 6 za ndege. 1/35, ambayo leo ndiyo skeli kuu ya vifaru duniani, ilizaliwa kwa sababu ya betri. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kampuni ya Tamiya ya Shizuoka, Japani, ilitengeneza kifaru cha Panther kinachotembea kwa mota, ikakipa ukubwa wa kutosha kubeba mota na betri zake, na ukubwa huo ukatoka kuwa 1/35. Wengine wakafuata. Kwa hiyo ukijiuliza kwa nini vifaru ni 1/35 na ndege ni 1/48 na haviendani kwenye rafu moja, usitafute sababu ya kina.

Jambo moja ambalo maduka hayasemi linahusu macho. Ukishavuka miaka arobaini, vipande vya 1/72 vinaanza kukukwepa. Skeli kubwa huongeza idadi ya vipande, lakini angalau unaviona. Kwa ndege, mimi humshauri mtu mzima aanze na 1/48, isipokuwa kama nyumba ni ndogo kweli. Miwani ya kusomea na taa nzuri ya mezani vitakusaidia kuliko kifaa chochote cha bei ghali.

Umri wa kalibu

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa hiyo tukae kidogo.

Vipande vya modeli hutengenezwa kwa kuyeyusha plastiki ya polistirini na kuisukuma kwa nguvu ndani ya kalibu ya chuma. Kuchonga kalibu ni gharama kubwa, lakini ikishachongwa inaweza kufanya kazi kwa miongo. Kampuni inaweza kuchukua kalibu ya miaka ya 1960, ikachora kifuniko kipya, ikachapa stika mpya, na kuliweka boksi sokoni mwaka huu. Kifuniko kipya, plastiki ya zama za babu.

Chukua mfano wa Airfix ya Uingereza. Ilianzishwa mwaka 1939 na Nicholas Kove, mhamiaji kutoka Hungaria, na haikuanza na modeli. Ilianza na midoli ya mpira ya kujazwa hewa, baadaye vitana. Mwaka 1952 ilitoa jahazi dogo la Golden Hind, lililouzwa kwenye maduka ya Woolworths likiwa ndani ya mfuko wa plastiki. Tangu hapo imetoa Spitfire nyingi, za kila zama. Tangu mwaka 2006 kampuni iko chini ya Hornby, na kalibu zilizochongwa baada ya hapo ni kazi ya kizazi kingine. Spitfire Mk I ya 1/72 ya kalibu ya 2010 inakaa vizuri, ina vipande vichache, na ni mahali pazuri pa kuanzia. Ile ya miongo iliyotangulia itakutaka ujue kujaza nyufa na kupiga msasa kabla hujafikia hata rangi. Kwa haki ya Airfix, siku hizi zile za zamani inaziuza chini ya jina la Vintage Classics, kwa hiyo anayesoma boksi hadanganyiki. Si kampuni zote zina adabu hiyo.

Utajuaje umri? Njia rahisi ni tovuti ya Scalemates. Andika jina la kampuni na namba iliyo kwenye boksi, utaonyeshwa kalibu hiyo ilitoka lini kwa mara ya kwanza na imepita kwenye maboksi mangapi. Ukiwa dukani na boksi limefunguliwa, tazama plastiki yenyewe. Mistari ya mabati ya ndege ikiwa imeinuka juu badala ya kuchimbwa ndani, ni kalibu ya zamani. Kingo zenye utando mwembamba wa plastiki iliyovuja zinaonyesha kalibu iliyochoka. Vioo vizito vyenye mawimbi, vivyo hivyo. Wakati mwingine mwaka umechapwa kwenye fremu au upande wa ndani wa bawa.

Umri peke yake hautoshi kutoa hukumu. Mustang P-51D ya Tamiya kwa 1/48 ni ya mwaka 1995 na bado inafunga vizuri kuliko modeli nyingi za juzi. Upande wa pili, kampuni ndogo kama Special Hobby ya Cheki hutoa ndege ambazo wakubwa hawazigusi, na baadhi ya modeli zao, hata zikiwa mpya, hazina vijiti vya kuelekeza kipande kikae wapi. Unapima kwa jicho, unapunguza, unajaribu, unapunguza tena. Kwa fundi mzoefu hiyo ni raha. Kwa anayeanza ni mwisho wa safari.

Fahamu pia kwamba jina lililo kwenye boksi si lazima liwe la aliyechonga kalibu. Kampuni huuziana plastiki: Revell ya Ujerumani imewahi kuuza plastiki ya Hasegawa na ya Italeri, na Tamiya nayo imeuza ya Italeri katika boksi lenye nyota zake mbili. Kuna pia plastiki moja inayouzwa kwa bei mbili. Eduard ya Cheki huweka Spitfire ileile katika boksi la Weekend, la bei nafuu, na katika boksi la ProfiPack, lenye vipande vya chuma chembamba, stika za ndege nyingi zaidi na karatasi za kuzibia vioo wakati wa kupaka rangi. Anayeanza achukue Weekend. Vile vipande vya chuma hukunjwa kwa kibano na kubandikwa kwa gundi ya papo hapo, na kimoja kikichomoka hukioni tena.

Uunganishe nini?

Kama hujawahi kuunganisha chochote, anza na roboti wa Gundam, hata kama katuni zake huzijui. Bandai ilianza kuwauza mwaka 1980, na kiwanda chake nacho kiko Shizuoka. Vipande vinabanana vyenyewe bila gundi, plastiki imeshatiwa rangi, na vinakaa sawasawa kiasi cha kukufundisha modeli nzuri inavyotakiwa kufunga. Kuna madaraja. Entry Grade vipande vyake vinang'oka kwenye fremu kwa mkono. High Grade ni 1/144, kimo chake kama sentimita 12 au 13 kwa yule Gundam wa kwanza. Master Grade ni 1/100, na Perfect Grade ni 1/60, kiasi cha sentimita 30. Mtego uko kwenye Real Grade: ni 1/144 kama High Grade, bei yake haitishi, boksi ni dogo, lakini ndani kuna vipande vingi vidogo mno. Master Grade ni kubwa na ghali zaidi, ila vidole vya mtu mzima vitaelewana nayo haraka zaidi.

Baada ya hapo, kifaru. Kifaru kinasamehe. Rangi yake haing'ai, tope linaficha mshono mbaya, na hakina vioo. Angalia kitu kimoja tu: minyororo. Ile ya mpira laini, au ya vipande virefu vya plastiki, inatosha. Minyororo ambayo kila pingili ni kipande chake itakula jioni nzima, na modeli za MiniArt ya Ukraine zenye injini na vyumba vya ndani hupita vipande 1,000. Ni kazi nzuri ajabu, na si ya kwako sasa. Kwa walio na kumbukumbu ya Vita vya Kagera, Trumpeter ina lori la roketi la BM-21, silaha iliyopewa jina la Saba Saba kule Uganda, kwa 1/35. Likikamilika ni kama sentimita 21.

Ndege za abiria huwavuta wengi kwetu, hasa Boeing 787-8, inayorushwa na Kenya Airways na Air Tanzania. Zvezda ya Urusi na Revell zote zinayo kwa 1/144, urefu sentimita 39. Inaonekana rahisi kwa sababu vipande ni vichache. Si rahisi. Mwili ni bomba refu lenye mshono juu na chini, na juu yake unatakiwa upake nyeupe inayong'aa, rangi inayofichua kila kosa. Zaidi ya hapo, stika za ndani ya boksi huwa za mashirika machache makubwa. Zile za shirika unalolitaka huchapwa na wachapaji wadogo na huuzwa peke yake, kwa hiyo tafuta stika kwanza, ukizipata ndipo ununue ndege.

Meli ni kwa watu wenye subira ya kushona. Nimemaliza.

Magari nimeyaacha mwisho kwa sababu hapa nina upendeleo, na siufichi. Safari Rally ilianza mwaka 1953, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na magari ya Kijapani yakaja kuifanya uwanja wao. Datsun 240Z ilishinda 1971, ikashinda tena 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta. Toyota Celica ilishinda miaka mitatu mfululizo, 1984 hadi 1986, na ushindi wa 1985 ulikuwa wa Juha Kankkunen. Kwa kuwa wengi wa watengenezaji wakubwa wa modeli nao ni Wajapani, magari hayo yametoka kwa 1/24: Hasegawa ina 240Z, na Beemax ina Celica ya 1985, zikiwa na ngao za mbele na taa za ziada za Safari. Kwa msomaji wa Nakuru au Arusha sioni modeli yenye maana zaidi.

Na hapa wewe una kitu ambacho fundi wa Osaka hana. Gari la Safari halipendezi likiwa safi. Linataka vumbi, na vumbi hilo lina rangi yake: wekundu wa Voi si kahawia ya Naivasha. Chukua udongo wenyewe, uanike, uuponde, uupitishe kwenye soksi ya nailoni hadi ubaki unga tu. Upake kwa brashi laini nyuma ya magurudumu, chini ya milango na kwenye bampa ya nyuma ambako vumbi hujirundika, kidogo sana juu ya paa. Acha nusu duara mbili safi kwenye kioo cha mbele mahali waipa zinapopita. Kisha puliza vanishi isiyong'aa kwa mbali ili unga ushike. Mchoraji wa boksi anabahatisha rangi hiyo. Wewe umeifuta kwenye viatu vyako.

Lakini ifanye modeli yako ya tatu, si ya kwanza. Mwili wa gari unataka rangi ya kupuliza, kwa mapito mengi membamba, maana brashi huacha michirizi. Stika ni nyingi, nyingine zinapita kwenye kona za mlango na zinahitaji dawa ya kuzilainisha zikae. Kama unataka gari mapema, Land Rover 109 ya Italeri, nayo ni ya 1/24, ni nafuu kwa roho: bodi yake ni bapa, na Land Rover iliyopakwa rangi vibaya kidogo inafanana na Land Rover nyingi tunazozijua.

Gharama iliyo nje ya boksi

Boksi halina gundi wala rangi, isipokuwa kama limeandikwa Starter Set au Model Set, yale ya Airfix na Revell yanayokuja na vikopo vya rangi, brashi na gundi kidogo. Kwa jaribio la kwanza hayo ni ununuzi wa busara, ingawa brashi zake ni dhaifu. Ukinunua boksi la kawaida, hesabu kwamba vifaa na rangi za mwanzo vinaweza kufikia bei ya modeli yenyewe, na weka pesa hiyo pembeni kabla hujachagua modeli.

Vitu vya lazima ni vichache: plaizi ndogo ya kukatia yenye meno bapa, kisu chembamba, kibano, msasa wa maji wa namba 400, 800 na 1000, na gundi. Gundi ya modeli haigandishi tu, inayeyusha plastiki ya pande mbili zikaungana, kwa hiyo tone dogo linatosha, na dirisha liwe wazi. Kwenye vioo usiitumie, wala usitumie gundi ya papo hapo, ambayo huacha ukungu mweupe. Gundi nyeupe ya maji ya kubandikia mbao inafaa. Vingine utavipata mtaani. Maduka ya vifaa vya saluni yana tupa za kucha za kulainisha zinazofanya kazi kuliko nyingi zinazouzwa kwa jina la modeli. Praima ya kopo ya mafundi wa magari nayo hutumika, ila ijaribu kwanza kwenye fremu tupu, kwa sababu baadhi yake huila polistirini.

Bomba la kupulizia rangi na kompresa vitasubiri. Maliza modeli tatu kwa brashi na makopo kwanza.

Kuleta boksi nyumbani

Wengi wetu tunapata modeli kupitia ndugu anayesafiri au kwa kuagiza mtandaoni. Ukimwagiza shemeji anayetoka Dubai au London, mwagize boksi, usimwagize rangi za mafuta, thina, gundi ya kuyeyusha wala makopo ya kupuliza. Hivyo vyote vinashika moto na haviruhusiwi kwenye ndege ya abiria, si kwenye begi la mkononi wala kwenye sanduku. Utamtia aibu uwanjani. Rangi za maji, kama za Vallejo ya Hispania, zinaweza kuwekwa kwenye sanduku la chini.

Ukiagiza kwa posta au kampuni ya vifurushi, forodha itaiweka modeli kwenye fungu la 95.03, pamoja na midoli, hata ukiwaeleza kwamba una umri wa miaka hamsini. Ushuru hutozwa juu ya bei pamoja na usafirishaji, kisha kodi ya ongezeko la thamani juu ya jumla hiyo: kiwango cha kawaida ni asilimia 16 Kenya na 18 Tanzania Bara. Walioko Oman na Falme za Kiarabu wanalipa kodi hiyo kwa asilimia 5. Maana yake ni kwamba modeli ya bei ndogo yenye usafirishaji mkubwa si ya bei ndogo. Uliza jumla yote kabla ya kulipa, na tumia kifurushi hicho kuleta pia brashi na kibano ambavyo ungevihitaji tu.

Joto, unyevu na feni

Vitabu vya maelekezo vimeandikwa kwa watu wa nchi za baridi. Pwani, rangi ya maji hukauka kwenye brashi kabla haijafika kwenye plastiki. Fanya kazi asubuhi au usiku, toa rangi tone kwa tone kwenye karatasi iliyo juu ya sponji yenye maji, na ongeza dawa ya kuchelewesha kukauka kama unayo. Zima feni unapopaka na unapokata. Inapaka vumbi kwenye rangi mbichi, na kipande kidogo kikishapeperushwa chini ya sofa hakirudi. Tandika shuka ya rangi moja sakafuni au kanga kuukuu mapajani, vipande vianguke humo.

Usiache boksi ndani ya gari lililo juani. Vipande virefu na vyembamba hupinda. Stika zihifadhi kwenye mfuko wa plastiki unaojifunga, mbali na unyevu, la sivyo zitashikana au kuota ukungu. Modeli iliyokamilika isikae mkabala na dirisha la jua, na kama uwezo upo, iwekee kabati la kioo, kwa kuwa vumbi likinaswa kwenye nyaya na antena haliondoki bila kuvunja kitu.

Siku boksi linapofika

Kabla hujakata kipande chochote, toa fremu zote, zilinganishe na ukurasa wa mbele wa maelekezo, moja baada ya nyingine. Tazama vioo kwa taa kuona kama vina ufa. Tazama stika kama zimegeuka manjano, hasa ukiwa umenunua boksi la mkono wa pili, ambalo ndilo la kukaguliwa zaidi kwa sababu mwenye nalo huenda alianza akaacha, na vipande vidogo vikabaki kwake. Kikikosekana kitu kwenye boksi jipya, piga picha siku hiyohiyo na uiandikie kampuni au duka. Kampuni kubwa zina huduma ya vipuri, na hujibu vizuri zaidi zikiona fremu haijaguswa.

Kisha osha fremu kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, maana plastiki hutoka kiwandani na mafuta ya kalibu ambayo hukataa rangi. Zikaushe usiku kucha. Jaribu vipande viwili vikubwa pamoja bila gundi uone vinavyofunga. Vikifunga, endelea. Vikigoma sana na hii ni modeli yako ya kwanza, hakuna aibu kuiuza ikiwa bado nzima na kununua nyingine. Na ukishaanza, usinunue boksi la pili hata likiwa na punguzo, mpaka hili la kwanza likae kwenye rafu likiwa na rangi na stika zake zote.